Vizuka vya Pac-Man havikusomi: gemu za vichochoro na kanuni zinazoziendesha

Mabishano kuhusu gemu hapa Dodoma hayaishi, na yamechanganyika vibaya. Pita vijiwe vya Majengo, Chang'ombe au Nkuhungu jioni, utamsikia mama akilalamika kwamba mwanawe anashinda anacheza dubwi kwenye simu. Ukichungulia simu yenyewe, unakuta duara la njano linakula vidoa na kukimbizwa na vizuka vya rangi nne. Kijana naye anajitetea kwa hoja inayozidi kuvuruga mambo: eti gemu ina akili bandia, inamsoma anavyocheza, ndiyo maana hamalizi levo. Pembeni hakosi mtu mzima, aliyewahi kutumbukiza sarafu nyingi kuliko anavyokubali mbele ya watu, anayesema mashine zote ni baba mmoja mama mmoja, zimepangwa zikule.

Kuna mambo manne yametiwa kapu moja hapo, na kila moja lina maelezo yake.

Gemu ya vichochoro ni ile ambayo uwanja wake ni kuta na njia nyembamba. Huwezi kupita ukutani, unachagua tu pa kukata kona. Kazi yako ni kukusanya vitu vilivyotawanywa njiani huku kuna wanaokuwinda. Mashine ya sarafu ni kabati la kusimama lenye skrini, kijiti cha kuongozea na tundu la kuwekea hela. Humo ndimo gemu hizi zilimozaliwa, na hata ucheze kwa ufundi gani haikutemei shilingi. Umelipia kucheza, basi. Dubwi ni kitu kingine. Hiyo ni mashine ya kubahatisha, unatumbukiza sarafu kwa matumaini kwamba itarudi na wenzake. Inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na kisheria mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuicheza. Akili bandia, kwa maana watu wanayoitumia mjini leo, ni programu iliyopata uwezo wake kwa kujifunza kutoka kwenye mifano mingi, badala ya kuandikiwa kila kanuni na mtu.

Nitatumia zaidi Pac-Man, ile gemu ya duara la njano, kwa sababu mbili. Ndiyo inayojulikana kuliko zote, na ndiyo iliyofumuliwa na wapenzi wake hadi mshono wa mwisho. Programu yake ya asili imesomwa mstari kwa mstari, kwa hiyo habari za vizuka hazihitaji kubahatishwa.

Ilitoka Japani mwaka 1980, kazi ya kampuni ya Namco, na aliyeibuni ni Toru Iwatani, wakati huo kijana wa miaka 25. Kumbi za gemu za huko zilikuwa zimejaa michezo ya kulipua maadui wa angani, hasa baada ya Space Invaders ya mwaka 1978, na waliozijaza walikuwa wanaume. Iwatani alitaka gemu ambayo wanawake na wapenzi wawili wangeingia kuicheza. Akaacha bunduki, akachagua kula.

Uwanja una punje ndogo 240 na vidonge vikubwa vinne, kimoja karibu na kila kona. Punje moja ni pointi 10, kidonge ni 50. Ukisafisha vyote unapanda levo. Vizuka vikikugusa unakufa, lakini ukila kidonge kikubwa vinageuka bluu kwa muda mfupi na wewe ndiye unayevila. Cha kwanza kinakupa pointi 200, cha pili 400, cha tatu 800, cha nne 1,600. Hesabu hizo mgeni huzipuuza, na hapo ndipo anapopotea. Punje na vidonge vyote vya uwanja mzima vina jumla ya pointi 2,600. Vizuka vinne vikiliwa vyote kwa kidonge kimoja ni pointi 3,000, na kwa vidonge vinne ni 12,000. Kwa hiyo anayekimbilia kidonge kikubwa mara tu anapotishika ametupa sehemu kubwa ya pointi za levo. Mzoefu hukisogelea, akasubiri hadi wamkaribie wote, ndipo anakimeza. Na pointi si za majivuno tu. Kwa kawaida ukifika 10,000 unaongezewa maisha moja. Kuna pia tunda linalojitokeza chini ya kibanda cha vizuka mara mbili kila levo, baada ya punje ya 70 na baada ya punje ya 170, halafu linatoweka usipoliwahi.

Hadi hapo hakuna fumbo. Fumbo liko kwa vizuka.

Iwatani alieleza kwamba kama vyote vinne vingemfuata mchezaji kwa namna moja, vingeishia kuwa foleni nyuma yake, na gemu ingechosha. Akakipa kila kimoja tabia yake. Ili tabia hizo zieleweke, twende Soko la Majengo asubuhi ya Jumamosi, kwenye vile vichochoro kati ya meza za nyanya na magunia ya mchele. Umekwenda kununua mboga. Una madeni kwa watu wanne, na wote wanne wako sokoni.

Mdai wa kwanza ni Blinky, yule mwekundu. Huyu anakwenda pale ulipo sasa hivi. Ukisogea, naye anasogeza macho. Hana hila yoyote, ana bidii tu, na ndiyo maana karibu kila ukigeuka unamkuta nyuma yako.

Wa pili ni Pinky, wa waridi. Yeye haji ulipo, anakwenda ulikoelekea. Uwanja umegawanywa kwa vigae vidogo, 28 kwa upana na 31 kwa urefu, na Pinky hulenga kigae cha nne mbele ya uso wako. Unakimbia Blinky, unaingia kichochoro, na kwenye mdomo wa kichochoro amesimama Pinky. Hapo mchezaji huapa kwamba wamepanga. Hawajapanga kitu, kila mmoja amefuata kanuni yake. Dawa ya Pinky nayo inatoka kwenye kanuni hiyohiyo. Akija usoni kwako, mgeukie umwendee, kwani kigae anacholenga kitahamia nyuma yake. Mkikaribiana na kati yenu kuna njia ya kukatia, mara nyingi ataikata aondoke. Inahitaji moyo, lakini jaribu. Na kuna kasoro ya waandishi wa programu iliyobaki humo tangu 1980: ukiwa umetazama juu, Pinky halengi vigae vinne mbele tu, analenga vinne juu na vinne kushoto. Wachezaji wakubwa wanaijua kasoro hiyo na wanaitumia.

Wa tatu, Inky wa samawati, ndiye anayewasumbua watu, kwa kuwa haamui peke yake. Anatazama kigae cha pili mbele yako, kisha anaangalia Blinky yuko wapi. Anavuta mstari kutoka kwa Blinky hadi kwenye kigae hicho, halafu anaurefusha mara mbili, na ncha yake ndiyo anayoikimbilia. Matokeo yake Blinky akiwa mbali, Inky anaonekana kama amechanganyikiwa, anazurura upande mwingine kabisa wa soko. Blinky akikukaribia, mstari unafupika, na Inky anaibuka upande wa pili akakubana katikati. Ukimwona Inky anakuja kwa kasi, tatizo lako kwa kawaida ni mwekundu aliye mgongoni.

Clyde, wa chungwa, ni mdai ambaye pia ni shemeji yako. Akiwa mbali zaidi ya vigae vinane anakuja mbio kama Blinky. Akifika ndani ya vigae vinane anaona haya, anageuka kwenda kona yake ya chini kushoto. Akishakuwa mbali, deni linamrudia kichwani, anakuja tena. Wachezaji wengi humwona mjinga. Hatari yake iko palepale kwenye kona yake. Ukiwa umesimama kati yake na kona, atakupitia akiwa anarudi.

Kisha kuna kitu ambacho wachezaji wengi hucheza miaka bila kukitambua. Wadai hawa hukatiza msako na kwenda kunywa chai. Levo ya kwanza ikianza, kwa sekunde 7 kila mmoja anaelekea kona yake, hakujali. Halafu wanakusaka kwa sekunde 20. Wanapumzika tena sekunde 7, wanasaka 20, wanapumzika 5, wanasaka 20, wanapumzika 5, na baada ya hapo hakuna chai tena hadi ufe au umalize levo. Dalili ya mabadiliko ni kwamba wote wanageuka nyuma ghafla kwa pamoja. Iwatani alifanya hivyo kwa makusudi, mchezaji apate kuvuta pumzi. Anayetoka kwenye utaratibu huo ni Blinky peke yake. Punje zikibaki chache, 20 kwa levo ya kwanza, anaongeza mwendo na kuacha kabisa habari za kupumzika.

Sasa, kizuka kinachaguaje njia? Hapa ndipo dhana ya akili inapoanguka. Kikifika njia panda hakichori ramani wala hakihesabu urefu wa barabara. Kinaangalia matundu yaliyo wazi, kinapima kutoka kila tundu hadi kwenye shabaha yake kwa mstari ulionyooka, kama vile kuta hazipo, kisha kinaingia tundu lenye kipimo kifupi. Vipimo vikilingana, kinachagua kwanza juu, kisha kushoto, kisha chini. Hakiruhusiwi kugeuka kurudi kilikotoka, isipokuwa pale vyote vinapobadili hali. Na kuna njia panda nne, mbili juu ya kibanda chao na mbili karibu na pale unapoanzia, ambapo haviruhusiwi kupanda juu vinapokuwa katika hali ya kawaida. Basi. Kwa sababu vinapima kama ndege arukavyo, mara nyingi vinachagua njia inayoonekana fupi kumbe inazunguka mbali, na wewe uliye upande wa pili wa ukuta unaokoka.

Tabia nne, saa ya kupumzika na kuta. Vikikutana ndani ya uwanja mmoja vinazaa kitu kinachofanana na njama. Mimi naona ufundi wa Iwatani uko hapo: hakuvipa vizuka akili, alikupa wewe sababu ya kuiona.

Sehemu ya bluu nayo ina uongo wake. Karibu kila mtu husema kwamba ukila kidonge, vizuka vinakukimbia. Havikukimbii. Wakati wa kumeza vinageuka nyuma mara moja, kisha katika kila njia panda vinachagua upande kwa namba inayotolewa na mashine, bila kujali ulipo. Ndiyo maana kingine huja moja kwa moja mdomoni. Kwa kuwa vinapunguza mwendo, vizuri uwe umesimama mahali vilipokusanyika kabla hujameza, kuliko kumeza kisha kuanza kuvikimbiza uwanja mzima. Muda wenyewe ni mfupi, sekunde 6 kwa levo ya kwanza, na levo ya tano zimebaki 2. Kuanzia levo ya 19 havigeuki bluu kabisa, kidonge kinabaki na kazi ya kuvigeuza nyuma tu.

Turudi kwa yule mtu mzima anayesema mashine imepangwa. Hajakosea moja kwa moja. Mashine ya sarafu ilikuwa biashara, na mtu mmoja akisimama mbele yake saa nzima kwa sarafu moja, mwenye ukumbi analala njaa. Ndani ya kabati la Pac-Man kulikuwa na swichi ndogo ambazo mwenye mashine alizipanga mwenyewe: mchezaji aanze na maisha 1, 2, 3 au 5, maisha ya nyongeza yaje kwenye pointi 10,000, 15,000, 20,000 au yasije kabisa, sarafu moja inunue mizunguko mingapi. Ni mpango, lakini hauchezi na wewe binafsi. Ukishawekwa ni uleule kwa kila anayesimama pale.

Mpango wa pili uko kwenye mwendo. Levo ya kwanza unakimbia kwa asilimia 80 ya kasi ya juu, vizuka kwa asilimia 75. Unawazidi. Lakini ukiwa unakula punje mwendo wako unashuka hadi kama asilimia 71, yaani sasa wao ndio wanaokuzidi. Hii peke yake inatosha kumbadilisha mchezaji. Ukifukuzwa, pita njia uliyokwisha kuisafisha, usikimbilie kwenye punje. Kona zinakusaidia pia, kwani ukisukuma kijiti mapema Pac-Man anaikata kona kwa mshazari na kupata nafasi kidogo, jambo ambalo vizuka hawaliwezi. Na yale mahandaki mawili ya pembeni, unayoingilia kushoto ukatokea kulia, yanawapunguza vizuka hadi asilimia 40 huku wewe ukipita kama kawaida. Levo ya 5 hadi ya 20 unafikia kasi ya juu kabisa na vizuka asilimia 95. Kuanzia ya 21 wewe unashushwa hadi 90, vizuka wanabaki 95. Kuanzia hapo kila sekunde wako mbele yako kwa miguu, na huna bluu ya kujiokoa. Ukitaka kusema mashine inadai sarafu yake, sema ni kuanzia levo ya 21. Usiisingizie levo ya pili.

Je, ni bahati? Hapa ndipo tofauti na dubwi inapoonekana waziwazi. Kwenye dubwi, matokeo ya kila mzunguko yanaamuliwa na namba za kubahatisha. Mkono wako hauna kazi baada ya kubonyeza. Mzunguko uliopita haumsaidii anayefuata, hata kama umekaa pale tangu asubuhi na "inakaribia kutema". Viwango vimewekwa ili, kwa muda mrefu, mwenye mashine abaki na sehemu ya kile kilichoingia. Hakuna ustadi wa dubwi, kuna wavumilivu na kuna waliokwisha kuondoka.

Pac-Man ya asili ni kinyume chake kabisa. Hata zile namba zinazotumika vizuka vikiwa bluu hazina bahati. Mfululizo wake unarudishwa mwanzo uleule kila levo inapoanza na kila unapofufuka. Maana yake, ukipita njia ileile, kona zilezile, bila kusita, vizuka vitafanya kilekile, leo, kesho na mwakani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Marekani watu waligundua hilo, na vikachapishwa vitabu vya kuonyesha njia za kufuata levo kwa levo. Mtu aliyezikariri alicheza karibu bila kutazama vizuka. Kuna hata kona moja karibu na mahali pa kuanzia ambapo ukiingia bila vizuka kuwa vinakuona, ukasimama umetazama juu, unaweza kukaa vikikuzunguka bila kukugusa. Watu waliitumia kwenda chooni.

Waliotengeneza Ms. Pac-Man, kampuni ya vijana wa Massachusetts iitwayo General Computer Corporation, waliliona hilo kama kasoro. Walikuwa wameanza kwa kuichokonoa Pac-Man na kuipa jina Crazy Otto, kabla ya kazi yao kununuliwa na kupewa sura mpya. Wakaweka viwanja vinne badala ya kimoja, matunda yakawa yanatembea, na mwanzoni mwa levo baadhi ya vizuka vikaongozwa kwa bahati nasibu ili njia za kukariri zisifanye kazi. Bado si dubwi, kwa sababu unachofanya baada ya hapo ni cha kwako na hakuna hela inayotoka. Wengi huiona ndiyo bora kuliko Pac-Man yenyewe. Siwapingi.

Kuna wanaosema Pac-Man ya asili haina mwisho. Walioibuni walidhani hivyo pia. Lakini namba ya levo ilihifadhiwa kwenye nafasi ndogo inayobeba kuanzia 0 hadi 255, haizidi hapo. Ukifika levo ya 256, programu inayochora matunda chini ya skrini inaongeza moja juu ya 255, inapata 0, na kwa sababu ya namna inavyohesabu inajikuta inachora matunda mara 256 badala ya saba. Michoro inamwagika, nusu ya kulia ya uwanja inafunikwa na herufi na takataka, na punje zilizobaki hazitoshi kumaliza levo. Hakuna njia ya kupita. Ndiyo maana pointi za juu kabisa zinajulikana: ukila kila punje, kila tunda na kila kizuka kinachowezekana bila kupoteza maisha hadi hapo, unapata 3,333,360, haiongezeki hata kumi.

Ndugu za Pac-Man ni wengi, na wasomaji wa umri wangu wamewahi kukutana nao bila kujua ukoo. Nyoka wa Nokia, aliyeingia kwenye simu ya 6110 mwaka 1997, ni mmojawapo kwa mbali: mwili wako mwenyewe ndio unaojenga ukuta. Wale waliokulia na TV gemu za kaseti ya njano watavikumbuka vifaru vya Battle City, kazi ya Namco pia, ya mwaka 1985. Unalinda ngome yako kati ya kuta za matofali, maadui 20 kila levo, na tofauti ni kwamba ukuta unaweza kuubomoa. Dig Dug ya mwaka 1982 inakuachia uchimbe vichochoro mwenyewe ardhini. Bomberman ya mwaka 1983 inakupa mabomu, na nusu ya vifo vyako ni kwa mkono wako. Zote hizo ukizifuatilia utakuta wazo lilelile, maadui wenye kanuni fupi ndani ya njia nyembamba.

Na akili bandia? Ipo kwenye hadithi hii, ila imekaa upande ambao vijana wa kijiweni hawakuutegemea. Vizuka vya mwaka 1980 havijajifunza lolote tangu siku hiyo. Mabingwa wamevila mamilioni ya mara, na kesho Clyde ataona haya kwenye kigae kilekile cha nane. Kinachojifunza ni mlaji. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kozi ya akili bandia imekuwa ikitumia Pac-Man kama zoezi. Mwanafunzi anaandika programu inayomwongoza mlaji atafute njia, akwepe vizuka, apime hatari, na polepole ajifunze mwenyewe kwa kujaribu. Mwaka 2017, Maluuba, kampuni ya Kanada iliyokuwa imenunuliwa na Microsoft, ilitangaza kwamba mfumo wake umefikia pointi 999,990 kwenye Ms. Pac-Man ya mashine ya Atari 2600, ambazo ndizo za juu kabisa kwenye toleo hilo. Kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayesomea kompyuta na anatafuta kazi ya mikono ya kuanzia angeweza kuandika vile vizuka vinne kwa siku chache. Kanuni zake zote ziko kwenye aya zilizo hapo juu, nazo hazifiki ukurasa.

Kilichobaki ni simu ya yule mtoto. Pac-Man nyingi zilizomo kwenye simu si ile ya asili. Ni nakala zilizoandikwa upya na watu tofauti, kwa hiyo vizuka vinaweza kuwa na tabia nyingine na njia za kukariri zisifanye kazi. Nyingi ni za bure kwa jina. Zinakatizwa na matangazo kila ukifa, zinauza maisha ya nyongeza kwa hela halisi, na bando linaisha. Baadhi ya matangazo hayo ni ya kubeti, na hapo mama mwenye kulalamika kijiweni ana hoja, ila lawama si ya duara la njano. Anaweza kumwambia mwanawe azime data kabla ya kucheza. Gemu nyingi za namna hii zinacheza bila intaneti, matangazo mengi hayataingia, na vizuka havihitaji bando.